Kaseti Zilizokwenda Busi

Siku ya kumuaga Neema, binti wa rafiki yangu Mathayo, nasaha za baba nilizisoma mimi. Mathayo hana sauti. Alipata uvimbe kooni Neema akiwa bado ananyonya, madaktari wakampasua, uhai ukabaki na sauti ikaondoka. Tangu hapo huzungumza kwa mikono, kwa midomo na kwa kuandika kwenye simu. Nasaha zake alikuwa ameziandika kwenye simu hiyo hiyo, akanikabidhi mbele ya meza ya maharusi katika ukumbi ule mdogo wa Mkonze, nami nikazisoma polepole kwenye kipaza sauti huku yeye akisimama kando yangu na koti lake la kijivu. Watu walipiga vigelegele mahali palipostahili. Baada ya chakula Neema alinifuata nilikokaa, akapiga goti kidogo kunishukuru, halafu akavuta kiti. "Baba mdogo," aliniambia, "ulivyokuwa unasoma nilifumba macho nijaribu kumsikia baba. Nikakusikia wewe tu. Sauti yake ilikuwaje?" Nikaanza kumjibu. Nikasema ilikuwa nzito kiasi, ya taratibu, yenye lafudhi ya kwao. Nilipofika hapo nikanyamaza, maana maneno hayo yangeweza kumfaa nusu ya wanaume waliokuwa ukumbini. Nikatafuta jambo la uhakika zaidi na nikamwambia kwamba baba yake, kabla hajazaliwa yeye, aliwahi kuzungumza redioni, na kwamba usiku ule ilirekodiwa. Neema akaweka sahani chini. "Kwa hiyo ipo mahali," alisema. Hakuuliza. Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi, na baada ya harusi angehamia kwa mumewe Bukoba. Akasema angependa aondoke akiwa ameisikia.

Nilipomweleza Mathayo kwamba nimeahidi kuitafuta kaseti, alisoma uso wangu kwa muda, halafu akaandika kwenye simu yake na kunigeuzia kioo. Alikuwa ameandika: "Akiisikia hiyo, huyu wa sasa ataonekana amepungua." Nikamwambia kwamba huenda hata haipo. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeomba iwe hivyo, na hapo hapo, kwa namna ya mtu anayeomba isiwe hivyo.

Ili nieleze nilikokwenda kuitafuta lazima nieleze kwanza mwaka ule wa Ipagala, mtaa wa hapa Dodoma, kwa sababu kila nilicho nacho kichwani leo kilianzia pale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Nilipata kazi ya kupima misumari na kuhesabu mabati katika stoo ya vifaa vya ujenzi, na nilipanga chumba pamoja na Mathayo katika nyumba ya mjane mmoja kutoka Kondoa aliyeitwa Bi Hadija. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja la mbao lililofungukia uani, vitanda viwili vya kamba, na kati ya vitanda kreti la soda lililogeuzwa meza. Ukuta ulikuwa wa tofali mbichi zilizopigwa chokaa, na chokaa ilikuwa inabaki mgongoni mwa yeyote aliyeegemea, kwa hiyo wapangaji wa Bi Hadija tulijulikana mtaani kwa migongo yetu. Mathayo alikuwa Mgogo wa kutoka upande wa Bahi, mwenye miaka michache kunizidi, na alikuwa mlinzi wa usiku katika ofisi moja ya Uhindini. Mchana alilala, jioni alikwenda lindoni, na siku zake za mapumziko alipika. Alipika kwa makini kama fundi wa saa. Ugali wa uwele, mlenda, ile mboga ya kuteleza, mara moja moja maziwa ya mgando. Mimi sikuwa nimezoea mlenda, na mwanzoni nilikula kwa adabu tu. Baada ya miezi miwili nilikuwa naulizia.

Maisha ya nyumba ile yalikuwa sebuleni kwa Bi Hadija. Palikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe, na friji lililokufa siku nyingi ambalo alilitumia kutunzia vyombo. Juu ya friji palikaa redio kaseti kubwa ya rangi ya fedha, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Saa nne usiku kituo kimoja kidogo cha mjini kilikuwa na kipindi kilichoitwa Kabla ya Kulala. Mtangazaji wake tulimjua kwa jina la Mjomba, nami nitamwita hivyo hivyo. Mjomba alitoa hoja moja kila usiku, akafungua simu, akawaacha watu wabishane. Hoja zenyewe zilikuwa za kila namna. Mwanamume aliyeoa akitumwa vitunguu sokoni, aende au amtume mtu? Mahari ikishaliwa na ndoa ikafa, nani arudishe? Nyoka anasikia? Hiyo ya nyoka ilinifanya niende maktaba ya mkoa Jumamosi iliyofuata, kwa mara ya kwanza maishani bila kutumwa na mwalimu, na nikakaa humo hadi walipofunga milango. Niliporudi na jibu, Bi Hadija alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwamba nyoka wa kwao wanasikia, hao wa vitabuni ni shauri yao. Lakini Jumamosi nyingine nilikwenda tena. Nilianza kuwa na desturi ya kuipeleka hoja ya Mjomba maktaba na kurudi nayo ikiwa imeongezeka uzito, na desturi hiyo sijaiacha hadi leo, ingawa Mjomba hatangazi tena.

Simu za mkononi zilikuwa bado za wachache, na saa hizo watu wa kawaida hawakuwa karibu na simu yoyote. Waliokuwa karibu na simu usiku walikuwa walinzi. Walilinda ofisi, na ndani ya ofisi kulikuwa na simu ya bosi. Kwa hiyo kipindi kile, bila mtu yeyote kupanga, kiligeuka kuwa baraza la walinzi wa Dodoma. Hawakutaja majina. Walijitambulisha kwa lindo: Mlinzi wa Kizota, Mlinzi wa Area C, Mlinzi wa Karibu na Reli. Mjomba alikuwa anawafungulia kwa kuwauliza kama wako macho, na wao walijibu kwamba wako macho, na sisi sebuleni tulijua kwamba mabosi wao wamelala. Mathayo peke yake hakupiga. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliisema, kwamba bosi wake naye alikuwa msikilizaji. Ya pili hakuisema lakini niliijua. Kazini walimcheka kwa Kiswahili chake, jinsi alivyovuta maneno, na kwa hiyo mbele ya wageni alizungumza kwa tahadhari, akichagua neno kama mtu anayekanyaga mawe mtoni.

Bi Hadija alirekodi kipindi. Kwao ni Busi, ndani ya vilima vya Kondoa, na kituo kile hakikufika huko. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Bibi wa Busi, alipenda ubishi kuliko chakula. Basi Bi Hadija alirekodi, kisha mwishoni mwa kaseti akaongeza salamu zake kwa Kirangi, akazifunga kaseti kwenye kitambaa na kumkabidhi kondakta wa basi la Kondoa, naye akamkabidhi mwingine. Watu wa kule walikuwa na desturi yao ya kutumiana barua za namna hiyo, maana wazee wengi hawakusoma, na hata waliosoma walisema barua ya karatasi haikohoi. Baada ya wiki kadhaa kaseti zile zile zilirudi na majibu. Na majibu walikuwa wanayarekodi kuanzia mwanzo wa kaseti, juu ya kipindi. Bi Hadija akiiweka redioni tulisikia nusu saa ya sauti ya Bibi wa Busi akieleza habari za mvua, mbuzi na wajukuu, halafu kelele ya kitufe, halafu ghafla Mjomba yuko katikati ya sentensi akiaga simu ambayo haipo tena. Kaseti hizo zilikwenda na kurudi hadi zikachakaa. Nikieleza habari za kumbukumbu za kipindi kile, hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu: kwamba zilikuwepo, na kwamba zilifutwa kwa kurekodiwa majibu juu yake.

Usiku mmoja mtu aliyejitambulisha kama mfanyabiashara alipiga simu. Hoja ilikuwa kama mji wetu una chakula cha kumpa mgeni. Akasema hauna, kwamba wenyeji wamezoea mlenda, na mlenda ni chakula kinachoshuka kooni bila kuaga. Mjomba alicheka, hata mimi nilicheka. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Mathayo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango na bakuli la huo huo mlenda mbele yake, na aliendelea kula bila kuinua macho. Bi Hadija alimfanya mtani wake tangu siku aliyohamia, na hakumwachia nafasi.

"Mathayo, bakuli lako limetukanwa, nawe umenyamaza?"

"Mama, nikipiga bosi ataijua sauti."

"Basi mlenda umekufa bila wakili. Poleni sana Wagogo."

Mathayo alinawa mikono, akasema hoja hiyo imesemwa itaendelea kesho, na kesho yeye yuko lindoni. Siku iliyofuata alivaa koti lake na kuondoka mapema kuliko kawaida. Saa nne Bi Hadija na mimi tulikuwa sebuleni. Redio usiku ule ilikuwa inakwaruza, kwa hiyo nilisimama dirishani nikiwa nimeishika eriali kwa mkono mmoja na waya uliounganishwa kwenye nondo kwa mkono mwingine, uso wangu ukiwa ukutani. Nyuma yangu nilimsikia Bi Hadija akipekua friji na kulalamika kwamba kaseti zote ziko Busi. Kisha nikasikia Mjomba akisema tuna Mlinzi wa Uhindini, kisha kitufe cha kurekodia kikalia, kisha Mathayo akaanza kuzungumza. Nilibaki vile vile, nimeshika chuma, kwa muda wote. Kesho yake wauza karanga wa soko dogo walikuwa wanamzungumzia mlinzi yule bila kumjua. Bosi naye alimzungumzia. Alimuuliza Mathayo kama anamfahamu mlinzi wa mtaa ule anayejua kupika, na Mathayo akamjibu kwamba walinzi wa mtaa ule ni wengi, bosi. Alitusimulia hayo saa moja asubuhi, akiwa bado na rungu mkononi, na alicheka hadi akakaa chini. Baada ya usiku ule hakuchagua tena maneno. Aliongea kama alivyoongea kwao, kwa wote. Miaka minne baadaye nikawa nimekaa kwenye benchi la wodi nikisubiri atolewe chumba cha upasuaji, na nilijua kwamba nilikuwa nimeisikia sauti ile ikipata nafasi yake, na kwamba haikuitumia kwa muda mrefu.

Nilianza kutafuta kwa utaratibu ninaoufahamu, yaani kutoka chanzo kwenda nje. Jengo la kituo sasa ni duka la vigae. Mwenye duka alinipeleka chumba cha nyuma kilichokuwa studio, na kwenye dari bado kulikuwa na mabaki ya trei za mayai walizobandika kuzuia mwangwi, lakini mkanda hata mmoja haukuwepo. Mjomba nilimpata kwa kuuliza watangazaji wa zamani mmoja baada ya mwingine. Anaishi Singida na anafuga nyuki. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ile ile, na kwa dakika ya kwanza nilishindwa kusema shida yangu. Alipoisikia alicheka kwa upole. "Ndugu yangu, sisi tulikuwa tunaongea," alisema. "Hatukuwa tunaweka." Akaniuliza nilikuwa nasikilizia wapi, nikamwambia Ipagala, naye akasema kwamba kwa miaka ile yote alikuwa anaongea na ukuta wenye mayai, na kwamba amefurahi kujua upande wa pili kulikuwa na sebule. Baada yake nilijiunga na kundi la simu la watu wanaokusanya vipindi vya zamani. Wana matangazo ya mpira, wana taarifa za habari, wana tamthilia. Mlinzi wa Uhindini hakuwepo. Wiki mbili zikapita. Harusi ilikuwa inakaribia, na Neema hakuniuliza, jambo ambalo lilinisumbua zaidi kuliko kama angeuliza.

Kwa Bi Hadija nilikwenda mwisho, tena si kwa kutafuta. Nilikwenda kumjulia hali, kama niendavyo kila mara, na kumweleza kwamba nimeshindwa. Sebule sasa imewekwa vigae na friji lililopo linagandisha, lakini vitambaa vya makochi ni vile vile. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniketisha na kuniletea uji wa ubuyu wa kikombe kikubwa kama ilivyo kawaida yake kwa mtu mwenye uso wa kushindwa. Nikamsimulia yote, duka la vigae, nyuki, kundi la simu. Alinisikiliza akipangusa miwani.

"Na kwangu hukuuliza kwa nini?"

"Mama, nilijua za kwako zilifutwa Busi."

"Ulijua. Wewe Saimoni tangu zamani ni mtu wa kujua."

Kisha akanieleza jambo ambalo, alisema, hajamwambia mtu. Usiku ule kaseti zote zilikuwa Busi kweli. Iliyobaki ndani ya nyumba ilikuwa moja, ya marehemu mumewe, ambayo alirekodia mawaidha msikitini mwaka wa mwisho wa uhai wake na kuiandika jina kwa mkono wake. Mjomba alikuwa ameshamkaribisha Mathayo. Bi Hadija akaziba kwa karatasi ya sukari matundu ya kaseti yanayozuia isirekodiwe tena, akageuza upande wa pili ili angalau wa kwanza usiguswe, na akabonyeza. Asubuhi alipoiona pale juu ya friji ikimtazama na mwandiko wa mumewe, hakuweza kuvumilia kuwa nayo. Alipotuma mzigo mwingine Busi akaitia humo. Hakuisemea lolote. "Imeandikwa Mawaidha," alisema. "Niambie, kule kwetu ni nani angethubutu kurekodi habari za mbuzi juu ya mawaidha?"

Nilisafiri kesho yake. Barabara ya Kondoa, ambayo zamani ilimfikisha kondakta akiwa mwekundu kwa vumbi hadi nyusi, sasa ni ya lami, na baada ya hapo nilipanda gari dogo hadi Busi, ardhi ikianza kuinuka na makorongo yake mekundu. Nilibeba redio kaseti niliyoinunua kwa fundi, betri mpya, na pamba yenye spiriti ya kusafishia kichwa cha kusomea mkanda. Mzee Juma, mdogo wake Bi Hadija, alinipokea uani kwake na kunitolea boksi la kaseti za marehemu mama yao, zilizorudishwa kwao baada ya msiba. Nikasema nazihitaji kwa ajili ya kuhakikisha tu. Niliweka ya kwanza, na Bibi wa Busi akaanza kuzungumza. Watu wakatoka ndani. Wakatoka nyumba ya jirani. Redio ya pale ilikuwa imekufa miaka mingi na wajukuu wengine hawakuwahi kumsikia bibi yao, na sasa alikuwa uani anamgombeza mtu kuhusu lango la zizi, na aliyekuwa anagombezwa ni Mzee Juma mwenyewe, akiwa kijana. Mzee alifunika uso kwa kofia huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilikuwa nimekuja kwa saa chache nikalala siku mbili. Kaseti zile ambazo mimi kwa miaka yote nilizihesabu kuwa zimeharibiwa, kwa ile familia ndizo zilizohifadhiwa, na vipande vya Mjomba mwishoni ndivyo vilivyokuwa uchafu. Hilo lilinipasa kulijua mapema. Nilikuwa nimezisikia nusu saa nzima kila mara sebuleni, nikisubiri yule bibi amalize.

Ile ya Mawaidha haikuwa kwenye boksi. Ilikuwa kwenye rafu pamoja na misahafu, imeviringishwa kitambaa cha kijani. Mzee Juma alisema waliicheza kila Ramadhani redio ilipokuwa hai, upande wa kwanza. Upande wa pili walijaribu mara moja, wakasikia makelele ya redio na mtu anazungumzia magadi, wakadhani mkanda umeingiliwa, na kwa heshima ya marehemu shemeji hawakuugusa tena. Nilimweleza ukweli kwa uangalifu, nikimwacha dada yake nje ya lawama kadiri nilivyoweza. Aliichukua kaseti, akaigeuza. "Dada," alisema, si kwangu. Kisha akanipa, kwa sharti kwamba irudi na kwamba upande wa kwanza uwe kama ulivyo. Sikuicheza pale. Nilikagua tu mkanda, nikabadilisha sponji ndogo ya kukandamiza mkanda iliyokuwa imekauka, nikaifunga tena. Niliona si haki nimsikie kabla ya Neema.

Tulikutana nyumbani kwa Mathayo, Mkonze, jioni, siku tatu kabla ya harusi. Nyumba ilikuwa imejaa masanduku na sufuria za kuazima, na mama yake Neema alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mathayo alikaa kwenye kiti cha pembeni, mbali na redio, mikono juu ya magoti. Neema alikaa chini, karibu nayo. Nilibonyeza kitufe. Mkwaruzo, Mjomba, na halafu yeye. Aliamkia kwa Kigogo, "mbukwa", na Mjomba akaitikia vibaya, wakacheka wote wawili. Sauti haikuwa nzito kama nilivyomwambia Neema. Ilikuwa ya juu kuliko nilivyokumbuka, ya kijana, yenye kuvuta mwisho wa maneno kama anayeyafunga kamba.

"Yule bwana wa jana," ilisema sauti, "amesema mlenda unashuka bila kuaga. Mimi nakubali. Huo wake unaondoka bila kuaga kwa sababu aliyeupika hakuukaribisha. Maji yachemke kwanza. Magadi kidogo. Kidogo kabisa, ukizidisha utakula sabuni. Karanga zisagwe siku hiyo hiyo, za juzi wape kuku. Halafu unga wa mlenda unautia kama unanyunyizia mbegu, mkono wa pili unapekecha. Na ukishaanza kupekecha usiongee na simu."

"Kwa hiyo sasa hivi hupiki, Mlinzi?"

"Sasa hivi nalinda."

"Unalinda huku unaongea na simu?"

"Mjomba, mwizi akinisikia naongea si atajua niko macho?"

Mjomba akacheka, kikafuata kicheko cha Mathayo mwenyewe, kifupi, na nyuma yake kwa mbali Bi Hadija akipiga makofi sebuleni. Kisha kitufe, kisha shehe katikati ya aya. Nikazima. Neema hakulia kama nilivyoogopa. Alisema, "Rudisha, baba mdogo." Nikarudisha. Mathayo hakuwa ametikisika, macho yake yalikuwa sakafuni. Mara ya pili Neema alicheka pale penye sabuni. Mara ya tatu aliinua kichwa katikati, akaacha kuitazama redio na kumtazama baba yake, nami nikatazama pia. Midomo ya Mathayo ilikuwa inakwenda. Haikuwa inaifuata ile sauti, ilikuwa pamoja nayo, neno kwa neno, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeondoka gotini na kuanza kunyunyiza.

Kipande chake kikafika mwisho, nikazima mkanda. Nilirudisha, na kitufe kilipolia kwamba uko mwanzo niliinua macho nikiwa tayari. Lakini Mathayo alikuwa ameshaanza. Alikuwa amevuta kiti mbele, karibu na Neema, na anaeleza tangu maji yachemke, kwa midomo na mikono, bila sauti yoyote chumbani isipokuwa upepo kwenye mabati. Neema alimwangalia akiitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia anayeongea, akacheka pale penye kuku. Kisha akamkatiza. "Hapo hapo, baba," alisema. "Magadi kidogo kiasi gani? Bukoba sitakuwa na wa kumuuliza." Mathayo akashika kiganja chake, akampimia kwa ncha ya kidole. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza.